Cheti cha maadili mema kwa anayetaka usajili wa ulinzi Kenya

Ukidhani barua ya kampuni ya ulinzi inatosha kukusajili kama mlinzi, peke yake haitoshi, ndugu. Sheria ya 2016 ya kudhibiti ulinzi binafsi inataka mlinzi mwenyewe asajiliwe na PSRA, mamlaka ya kudhibiti ulinzi binafsi, na hapo rekodi yako ya jinai lazima ichunguzwe. Cheti cha maadili mema, kinachoonyesha rekodi hiyo, hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Omba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lipa shilingi 1,050, kisha chapisha fomu C24, ya kuchukulia alama za vidole, mbele na nyuma ya karatasi moja, si mbili. Beba kitambulisho halisi; majina yafanane nacho herufi kwa herufi. Wengi hukwama kwenye alama za vidole: ngozi iliyochubuliwa na saruji, au mikono yenye jasho, huacha mistari iliyofifia na ombi linarudi. Kama unafanya mjengo, pumzisha mikono siku kadhaa, ioshe kwa sabuni na uikaushe kabisa kabla ya wino.