Barua kwa mwanangu: ganzi ya miguu baada ya kisukari cha mimba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ganzi unayoihisi miguuni, miezi mitano baada ya kujifungua, yaweza kuwa imeletwa na kisukari cha mimba, ilhali uliambiwa kwamba sukari ilirudi kuwa ya kawaida siku mbili tu baada ya mtoto kuzaliwa. Mimi si daktari, lakini nimeishi na miguu yenye ganzi kwa miaka mingi, na yale niliyoyajua kwa kuchelewa sitaki nawe uchelewe kuyajua.

Umeyaeleza mambo mawili kana kwamba ni moja, nami ningependa uyatenganishe. La kwanza ni ganzi ya paja la kushoto, upande wa nje, iliyoanza katika miezi ya mwisho ya ujauzito, inayowaka ukisimama kwa muda mrefu na ambayo haishuki chini ya goti. Ganzi ya namna hiyo aghalabu hutokana na mshipa mmoja wa fahamu unaopita karibu na kinena, ambao hubanwa tumbo linapokua, au na nguo inayokaza kiunoni, au kwa kukaa muda mrefu umekunja mapaja wakati wa uchungu. Mshipa huo hubeba hisia za ngozi tu, wala hausogezi msuli wowote, ndiyo maana nguvu za mguu wako hazijapungua. Kwa wanawake wengi hali hiyo hupoa yenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa. Mweleze daktari, ila hilo halikuninyima usingizi.

Lililoninyima usingizi ni sentensi yako moja ya mwisho, kwamba usiku vidole vya miguu yote miwili huchomachoma kama sindano. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha, na mishipa mirefu zaidi ndiyo huumia kwanza. Kwa hiyo ganzi ya kisukari huanzia vidoleni, katika miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu kama soksi inayovutwa kuelekea goti. Miezi michache ya kisukari cha mimba peke yake ni nadra kutosha kuleta madhara hayo. Lakini yawezekana sukari ilikuwa juu hata kabla ya mimba bila mtu kujua, au bado iko juu sasa, na kipimo kimoja cha siku mbili baada ya uzazi hakiwezi kukuhakikishia kwamba yote yamekwisha.

Omba kipimo kamili: upimwe asubuhi kabla ya kula, unywe gramu 75 za glukosi, kisha upimwe tena baada ya saa mbili. Kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua; wewe umepitisha muda huo, lakini kupimwa leo bado kuna faida kubwa. Sukari ya 7.0 mmol/L (kizio cha kupimia sukari ya damu) au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, ni kiwango cha kisukari. Hata majibu yakiwa mazuri, mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba hupaswa kupimwa kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maisha yake yote, kwa kuwa uwezekano wake wa kupata kisukari cha aina ya pili ni mkubwa mara nyingi kuliko wa wenzake.

Mimi sikupimwa. Baada ya kumzaa mdogo wako niliambiwa kisukari changu cha mimba kimekwisha, nami nikafurahi na kusahau. Miaka tisa baadaye nilivua kiatu nikakuta soksi imelowa damu: kokoto ilikuwa imenichimba unyayo mchana kutwa, nami sikuhisi chochote. Kidonda kile kilichukua miezi kupona.

Ukienda kliniki, usitaje sukari peke yake. Omba wakupime pia vitamini B12, hasa kwa kuwa ulitumia metformini, dawa ya kushusha sukari ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza vitamini hiyo, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Waangalie na tezi ya shingo. Vua viatu, wakuguse nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki na kwa chuma kinachotetemeka, waone kama unahisi. Ukipewa dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, waambie kwanza kwamba unanyonyesha. Kunyonyesha kwenyewe endelea, kwa maana huonekana kupunguza uwezekano wa kisukari kurudi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi. Ganzi ikiingia sehemu za siri na matakoni, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila wewe kujua. Miguu ikiishiwa nguvu kwa haraka. Ganzi ikikushika ghafla upande mmoja wa mwili. Au mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma, jambo ambalo baada ya uzazi laweza kuwa damu iliyoganda. Ukiona hata moja kati ya hizi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mpaka utakapopimwa, kagua nyayo zako kila jioni, hata katikati ya vidole, usitembee pekupeku, na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko kabla ya kutia mguu. Majibu yakitoka, usiniandikie kwamba ni mazuri au mabaya tu. Niandikie tarakimu zenyewe, ile ya kabla ya kula na ile ya baada ya saa mbili.

Mama yako