Jibu: Gari inatetemeka sailensa, fundi anataka nibadili giaboksi
Salama mkuu, usikimbilie giaboksi kwanza. Umesema gari inatetemeka ikiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), mlimani inakata nguvu, taa ya cheki injini inablinki, na mashine ya kupima gari imetoa kodi ya kosa P0302. Hiyo maana yake silinda namba 2 inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa, fundi kaitoa wapi giaboksi hapo?

Yangu ilinifanyia hivyo hivyo pale mlima Kitonga nimepakia watu watano, nikapigiwa hesabu ya giaboksi nzima, kumbe koili tu, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Anza nayo maana ni bure: koili ya 2 ipeleke 3, ya 3 irudi 2, futa hiyo kodi kwa mashine, zunguka mtaani kidogo halafu pima tena. Ikija P0303 umeshamshika mchawi, nunua koili moja basi. Ikibaki P0302 hamisha plagi nayo hivyo hivyo, ikigoma ndo uende kwenye nozeli (zinazopuliza mafuta) na kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda.

Ukichomoa koili chungulia kile kishimo cha plagi, mimi nilikuta oili imejaa mpaka raba ya koili imevimba, sasa ukiweka koili mpya bila kubadili sili za tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) zinazovujisha hiyo oili utarudi palepale, huo ujinga nilishaufanya.

Na taa ikiblinki usilazimishe safari, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na kuyaharibu, na bei yake unaijua. Kama gia zenyewe zinachelewa kuingia hata injini ikiwa imetulia, hapo ni kesi nyingine, sitaki kukudanganya gari sijaiona. Leta majibu ukishahamisha koili.