Kwa nini fedha kwa kila mwanafunzi hutofautiana Marekani

Ndugu, umeuliza kwa nini wilaya mbili za shule (maeneo yanayoendesha shule za umma) katika jimbo moja la Marekani hupata fedha tofauti kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma. Majimbo mengi huweka kiwango cha msingi cha fedha kwa kila mwanafunzi, hukadiria kiasi ambacho wilaya inaweza kuchangia kutokana na kodi ya ardhi na majengo, kisha hufidia pengo linalobaki. California, tangu 2013, huongeza asilimia 20 ya kiwango hicho kwa mwanafunzi anayetoka familia maskini, anayejifunza Kiingereza au aliye chini ya malezi ya muda. Lakini jimbo hilo hulipa kwa wastani wa mahudhurio, si uandikishaji, na kwa maoni yangu utaratibu huo huziumiza shule zenye uhitaji mkubwa, ambako utoro husababishwa na umaskini wenyewe.