Bakteria wa kwenye utando: idadi au kiasi?

SWALI: Ninaandika tasnifu kuhusu bakteria wanaoishi kwenye utando. Kila nikiandika "kiasi cha bakteria", msimamizi wangu anakata na kuweka "idadi". Mwenzangu naye anaandika "bakteria nyingi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nianze na la mwenzako, maana ni dogo. Bakteria ni kiumbe hai hata kama haonekani kwa macho: bakteria huyu, bakteria hawa, bakteria wengi. "Bakteria nyingi" utaisikia sana, lakini kwenye tasnifu iache.

La msimamizi ndilo lenye mambo. Idadi ni ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja. Kiasi ni cha kitu kinachopimwa kwa pamoja, kama maji au mchanga. Kwa kanuni hiyo ameshinda. Ila nami nikuulize: kule maabara ulihesabu au ulipima?

Utando ni bakteria walioshikamana juu ya kitu wakajifunika kwa ute wao wenyewe. Ukoga wa meno ni mmojawapo. Sasa tuseme uliutia rangi ya kristali vayoleti, ukasuuza, ukayeyusha kwa asidi ya asetiki rangi iliyong'ang'ania, kisha mashine ikasoma ukolezi wake. Hukuhesabu bakteria hata mmoja. Rangi ile haichagui: hushika walio hai, hushika waliokufa, hushika na ute. Hapo "idadi ya bakteria" si kosa la sarufi, ni kosa la ukweli. Andika "kiasi cha utando", na msimamizi akikata, mwonyeshe aya hii.

Kama uliukwangua, ukautikisa utawanyike, ukauzimua mara kadhaa, ukaotesha kwenye sahani, basi ulihesabu kweli, lakini ulihesabu makoloni, yaani yale madoa ya bakteria yanayoota sahanini. Koloni moja huweza kuzaliwa na bakteria mmoja, au na kishada kizima kilichogoma kuachana, na hawa wa kwenye utando ni hodari wa kugoma. Wako pia walio hai wasiokubali kuota sahanini. Kwa hiyo "idadi ya makoloni" ni salama; "idadi ya bakteria hai" iandikie "makadirio ya" mbele yake.

Hukuuliza, lakini neno "mara" nalo litakuponza. "Dawa ilipunguza bakteria mara tatu": je, walibaki theluthi, au dawa ilitiwa mara tatu, na kila mara wakapungua? Wanamaabara huongeza utata wakisema "logi tatu", wakimaanisha wamegawanywa kwa kumi, kisha kwa kumi, kisha kwa kumi tena. Mimi ningeandika hivi: "Baada ya dawa, alibaki hai bakteria mmoja katika kila 1,000."