Maswali yenu: mbu na kiini cha yai

Wiki ilopita niligusia kwamba mbu jike anatafuta damu kwa ajili ya mayai, maswali yakamiminika. Najibu machache.

Mkuu, kwani damu yangu ndo inageuka kiini moja kwa moja?

Hamna. Damu inameng'enywa tumboni kwanza, halafu tishu ya mafuta ya mbu inatumia asidi amino, yani vile vipande vidogo vya protini vilivyotoka kwenye damu, kutengeneza protini inaitwa vitelojenini, inaimwaga kwenye majimaji ya mwili, inaelea weee mpaka kwenye ovari.

Sasa yai linaichukuaje? Kuna mlango?

Mlango si anapita yeyote, hiki ni kipokezi, nacho ni protini imechomekwa kwenye ngozi ya yai, kichwa kiko nje na kinachagua. Kikishadaka vitelojenini, ngozi inabonyea ndani kama ulivyobonyeza kidole kwenye unga wa chapati, kishimo kinajifunga kinakuwa kifuko, mzigo umeshaingia. Humo ndani kuna uasidi, basi kipokezi kinaachia kinarudi juu kudaka mwingine, mzigo unagandana ndo kiini hicho. Watafiti Roth na Porter waliviona vishimo hivi mwaka 1964 kwa darubini ya elektroni, kwenye Aedes aegypti, huyuhuyu wa dengue, vina vinywelenywele kwa ndani kama brashi. Walikadiria vishimo 300,000 hivi kwenye yai moja mbu akishashiba damu. Yai lenyewe dogo kama nukta jamani!

Kipokezi kikiharibika?

Angalia nzi wa matunda, ana jeni ya kutengenezea kipokezi hicho, inaitwa yolkless, yani "bila kiini" (watu wa nzi kwa majina hawajambo). Ikiharibika jike anataga ila mayai hayana kitu, hayaanguliwi.

Sisi tunacho?

Tuna ndugu yake, kile kipokezi cha ini kinachotoa kolestroli mbaya kwenye damu, ukoo mmoja kabisa. Kuku ndo anaonyesha vizuri: kuna matetea wana hitilafu kwenye kipokezi cha yai, hawatagi, na mafuta yanajaa kwenye damu maana yale ya kuingia kwenye yai hayana pa kwenda.

Si wakizibe tu mbu waishe?

Maabara wameshakizima kwa mende wadogo wale wa jikoni, kwa kuwachoma sindano, na mayai yakagoma kukua. Ila mbu wa mtaa mzima utawachoma mmojammoja saa ngapi? Na hata ukiweza, huyo uliyemchoma bado usiku atakuja kukuuma.