Toscana kwa baiskeli: pita juu, bondeni waachie malori

Siku ya kwanza kutoka Siena, mji wa jimbo la Toscana nchini Italia, kwa baiskeli kuelekea kusini, nilitazama ramani, nikaona mstari mnene ulionyooka hadi Buonconvento, nikasema huo ndio wangu. Kumbe ni Cassia, barabara yenye asili ya enzi za Warumi. Malori yalinipita karibu kiasi cha kunipepea shati. Nilifika nimekaza mabega kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili. Mzee mmoja aliyeketi nje ya baa akaniuliza nimepitia wapi. Nilipomwambia, alikusanya vidole vitano pamoja na kuvitikisa, kama Waitaliano wafanyavyo wakishangaa ujinga wa mtu: "Sasa mbona umepita chini?"

Nimekaa huku miaka sita sasa, na karibu kila ninachomshauri mtu kuhusu baiskeli katika vilima hivi kimo ndani ya swali la yule mzee.

Vijiji vya zamani vya Toscana viko juu ya vilima, na njia za zamani zilipita mgongoni mwa vilima hivyo, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa sababu bondeni kulikuwa na matope na mafuriko. Karne ya ishirini ikaleta barabara pana za njia mbili mbili, ambazo zinapenda bonde. Iko ile ya Firenze hadi Siena, na iko ya Siena hadi Bettolle inayokwenda kuungana na barabara kuu ya A1. Baiskeli haziruhusiwi humo, na hiyo ni heri kwetu, maana barabara hizo zimeyanyonya magari yote ya watu wenye haraka. Kwa hiyo mimi nikipanga safari huanza kwa kuitafuta barabara kubwa, kisha natafuta ile nyembamba yenye kona nyingi inayounganisha sehemu zilezile. Hiyo ndiyo iliyoachwa na magari. Kwenye vibao mara nyingi huanza na herufi SP, yaani barabara ya mkoa.

Jambo la pili linalozifanya njia hizi ziwe tulivu ni historia ya mashamba. Kwa karne nyingi wakulima wa hapa waliishi kwa mezzadria, yaani unalima shamba la bwana na mavuno mnagawana nusu kwa nusu. Kila familia ilikaa shambani kwake, na kila nyumba ilihitaji njia. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walianza kuhamia mijini kwa wingi, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Watu wakaondoka, njia zikabaki. Unaweza kuendesha nusu saa nzima ukapishana na trekta moja tu na gari la posta.

Ukinipa siku moja tu nikutembeze, nitakupeleka Lauretana, SP438. Unatoka Siena, unashuka hadi Taverne d'Arbia, unavumilia kilomita chache za kawaida zenye magari, halafu barabara inapanda na dunia inafunguka. Hapo umeingia eneo la Crete Senesi. Neno creta ni udongo wa mfinyanzi, na ndio unaouona pande zote: mashamba ya ngano yanayopinda kama mgongo wa ngamia, na katikati yake vilima vidogo vyenye upara mweupe wanavyoviita biancane. Miti ni michache mno. Saipresi tatu hapa, nyumba moja kule. Mwishoni mwa Aprili kila kitu ni kijani kibichi. Ukija Agosti utakuta rangi ya simba, na kivuli hakuna, hata cha kuazima. Kwa hiyo usije Agosti. Njoo mwishoni mwa Aprili au Mei, au Septemba ikielekea ukingoni. Jumapili nayo ina pikipiki zinazopenda kona kuliko wewe, basi chagua siku ya kazi, uwe barabarani saa moja asubuhi.

Kutoka Siena hadi Asciano ni kama kilomita 25. Pumzika Asciano, kunywa kahawa yako umesimama kaunta kama wenyeji (ukikaa mezani baa nyingi zitakutoza zaidi), kisha shika SP451. Inapanda karibu mita 200 hadi kijiji cha Chiusure, halafu inashuka msituni hadi abasia ya Monte Oliveto Maggiore. Ilianzishwa mwaka 1313, na ukutani mwake iko michoro ya Signorelli na Sodoma kuhusu maisha ya Mtakatifu Benedikto. Mimi nimekulia karibu na Peramiho, na mara ya kwanza nilipoona matofali mekundu na watawa Wabenedikto nilisimama pale getini nikacheka peke yangu: nimevuka bahari nzima, nimefika kwetu. Vaa kitu cha kufunika mabega na magoti ukitaka kuingia, maana bukta ya baiskeli haitakufikisha mbali. Baada ya hapo ni mteremko mwingi hadi Buonconvento, na kituo cha treni kiko hapohapo.

Chianti, upande wa kaskazini, ni habari nyingine. Kuzuri, lakini barabara ya SR222 kati ya Firenze na Siena imejaa magari ya kukodi ambayo madereva wake wanatazama mizabibu badala ya barabara. Nikienda huko nakaa kwenye njia ndogo za kuzunguka Radda, Volpaia na Gaiole. Na anayetaka msitu na kivuli aende Murlo, magharibi mwa Buonconvento. Huko hata mimi sijui kwa nini watu hawaendi.

Sasa vilima vyenyewe. Usihesabu kilomita, hesabu mita za kupanda. Vilima vya hapa si virefu kama milima ya Alps. Ni vifupi, vikali na havikomi. Kilomita 60 zinaweza kukupandisha mita 1,000 bila wewe kuona mlima wowote. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Toscana vyote viwili ni ngoma. Kama umezoea kuendesha kilomita 80 tambarare, hapa panga 50 uone kwanza. Gia ni muhimu kuliko uzito wa baiskeli: mbele iwepo ya meno 34, nyuma kubwa kabisa iwe na meno 32 au 34. Na ikikushinda, shuka ukokote. Kwetu tulikokota baiskeli zenye magunia ya mahindi na hakuna aliyetucheka.

Utakutana pia na strade bianche, barabara nyeupe za changarawe. Ndizo zilizozipa jina mbio za baiskeli za kulipwa zinazoendeshwa tangu 2007 na kumalizikia Piazza del Campo, uwanja mkuu wa Siena, baada ya kupanda uchochoro wenye mwinuko wa asilimia 16. Lakini heshima kubwa naipa L'Eroica, safari ya pamoja ya baiskeli za kizamani, iliyoanzishwa Gaiole mwaka 1997 ili hizi barabara nyeupe zisije zikafunikwa lami zote. Njia yake ya kilomita 209 imewekewa vibao vya kudumu, hivyo unaweza kuchukua kipande chochote, siku yoyote, bila kujiandikisha kwa mtu. Tairi la upana wa milimita 32 linatosha. Shuka polepole, usikamate breki ya mbele kwenye kona, na kama ni mara yako ya kwanza usianze na Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za kupanda na kushuka karibu na Asciano, ambazo zimewatoa jasho hata wanaolipwa.

Kuna jambo moja programu ya ramani kwenye simu haikuambii: tofauti ya changarawe na udongo mtupu. Novemba moja, siku mbili baada ya mvua, simu yangu ilinielekeza njia ya mkato kati ya mashamba. Mita mia za mwanzo zilikuwa nzuri. Kisha ule mfinyanzi ukaanza kupanda kwenye tairi, ukajaa chini ya breki, gurudumu likagoma kabisa kuzunguka. Nikakwangua kwa kijiti, nikaenda hatua kumi, likagoma tena. Mwishowe niliibeba begani karibu kilomita mbili. Siku hiyo baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi. Mvua ikinyesha, baki kwenye lami hadi jua lipige siku kadhaa.

Maji utayapata kwenye bomba la kijiji, na kama kijiji kimekupita, tafuta makaburi. Nje ya karibu kila kijiji kuna makaburi yenye ukuta, na ndani kuna bomba la kumwagilia maua. Mara ya kwanza nilisita. Kwetu huendi makaburini kuchota maji ya kunywa. Sasa naingia, navua kofia, najaza chupa, nashukuru. Soma kibao tu: kikisema "non potabile", hayanyweki. Chakula nunua kabla ya saa saba mchana, kwa sababu maduka ya vijijini hufungwa hadi saa kumi au kumi na nusu, na njaa yako haiwahusu. Mwambie muuzaji akukatie mkate aweke pecorino. Jibini hiyo inatokana na kondoo utakaowaona njiani.

Kondoo hao wana walinzi, mbwa wakubwa weupe wa Maremma. Wakija mbio, usishindane nao. Shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea taratibu ukiongea kwa sauti ya kawaida mpaka uwe mbali na kundi. Kuanzia vuli hadi Januari kuna pia wawindaji wa nguruwe pori. Ukiona kibao cha "battuta di caccia", yaani msako wa wawindaji, kimewekwa njiani, geuza. Jumanne na Ijumaa uwindaji umekatazwa nchi nzima, nami msimu huo siku za msituni ni hizo mbili.

Polisi hawasumbui, ila sheria ijue: nje ya mji mnaendesha mmoja nyuma ya mwingine, na giza likiingia lazima taa na kizibao cha kuakisi mwanga.

Kurudi Siena kwa treni ni rahisi, lakini si nyingi, hasa Jumapili, basi angalia saa kabla hujaagiza kahawa ya pili. Baiskeli inakatiwa tiketi yake, na tiketi ya karatasi igonge mhuri kwenye mashine kabla hujapanda. Yule mzee wa Buonconvento bado hukaa nje ya baa ileile. Siku hizi haniulizi nimepitia wapi. Anainama kidogo, anatazama vumbi jeupe kwenye matairi yangu, kisha anarudi kwenye gazeti lake.