Umepandishwa cheo juu ya wenzako: ubaki ulivyo au uvae sura ya bosi?

Ndugu yangu uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Umepewa usimamizi wa zamu kwenye godauni hapo Kampala, juu ya watu uliokuwa ukibeba nao mizigo hadi juzi, na wakubwa wanakwambia ukibaki ulivyo watakukalia kichwani. Unauliza kama mtu anaweza kuongoza bila kujigeuza, na umfanyeje rafiki yako wa zamu anayechelewa kazini. Mimi nimesimamia wapakizi na madereva Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, baadaye Kampala, kwa miaka mingi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona kazini.

Anaweza. Ila kubaki ulivyo si kusema kila linalokujia mdomoni, wala si kuendelea na mizaha ya jana kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ni kwamba unachomwambia tajiri ofisini na unachowaambia makuli getini kiwe kitu kimoja. Wengi hushindwa hapo, hasa mshahara unapochelewa.

Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa na tabia hiyo ya kuchelewesha. Aliyenitangulia alikuwa na jibu lilelile kila mwezi: benki ina tatizo. Watu si wajinga. Simu ya karani ikiingia ujumbe wa pesa, godauni zima linajua benki haina neno. Ilipoangukia kwangu, niliwakusanya asubuhi kabla lori la kwanza halijafunguliwa turubai. Nikawaambia mteja mkubwa hajalipa, tajiri ana pesa ya nusu mshahara, itatoka Ijumaa, na isipotoka nitasimama papa hapa niwaeleze. Mzee mmoja, mpakizi wa siku nyingi, akavua ngata kichwani, akaniuliza taratibu: "Na wewe, mwanangu, umelipwa?"

Nilikuwa nimelipwa. Watu wa ofisini wote tulikuwa tumelipwa. Nikasema ndiyo.

Zogo lililozuka lilifika hadi ofisini. Tajiri akaniita, akataka kujua kwa nini natoa siri zake. Nikamjibu kwamba nimeulizwa na mtu mzima mbele ya wenzake na sikuwa tayari kumdanganya, na kwamba siku nyingine pesa ikiwa nusu aanze na wa getini, mimi nitangoja. Tulivutana sana, lakini mwishowe alikubali. Wapakizi wawili waliondoka hata hivyo, na sikuwalaumu, kwa sababu wana watoto wa kulisha. Waliobaki, nilipotaja Ijumaa walijua ni Ijumaa.

Yapo ya kutunza: bei za mteja, ugomvi wa wakurugenzi, maradhi ya mfanyakazi. Sema tu, "Hili siruhusiwi kulizungumza." Mtu mzima huelewa jibu hilo.

Wanaofundisha uongozi wa namna hii hutaja mambo manne: kujijua, kuwa wazi kwa watu, kupima maoni hata yanayokupinga, na kusimamia unachoamini kuwa ni haki. Kwetu la tatu ndilo gumu kuliko yote, maana tumelelewa kutompinga mkubwa mbele za watu. Uliza mkutanoni kama kuna mwenye neno, utaitikiwa "hakuna, bosi" na kila mtu atatazama viatu vyake. Ulizia pembeni, mmoja mmoja, ukianza na wale wasiosikika.

Tororo tulikuwa na godauni la saruji, na mifuko ya nyuma ilikuwa ikiganda. Ofisi ililaumu paa. Mama aliyekuwa akifagia na kuzoa saruji iliyomwagika ndiye aliyenionyesha, siku nilipokaa naye wakati wa chai. Alinipeleka nyuma kabisa, akaugonga mfuko wa chini kwa kifundo cha kidole, ukalia kama jiwe. Kila lori likija, akasema, mzigo mpya hupangwa mbele karibu na mlango, na huo ndio hutoka kwanza, kwa hiyo wa zamani unaozea palepale sakafuni. Wapakizi wote walilijua hilo na hakuna aliyewauliza. Tukaacha njia pande zote mbili ili wa zamani utangulie kutoka, tukaweka mbao chini, na rundo halikuzidi mifuko kumi kwenda juu. Kwa tajiri nilitaja jina la mama huyo, na kesho yake nikalitaja mbele ya zamu nzima. Nakusihi sana, wazo la mtu lisipande ofisini kwa jina lako.

Kujijua nako kuna sura yake hapa Uganda. Tororo na Busia, Mteso, Msamia na Mjapadhola huelewana kwa Kiswahili bila wasiwasi. Kampala sivyo. Kwa miaka mingi kilisikika zaidi vinywani mwa askari, Rais Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na ingawa katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, wapo wazee wanaoshtuka wakiitwa kwa Kiswahili cha haraka. Mimi husalimu kwanza, ssebo na nnyabo zikiwemo, yaani bwana na bibi kwa Kiganda, ndipo nipange kazi. Wala sinong'oni Kiganda na wawili huku Mwacholi na Munyankole wamesimama hapo wakitutazama.

Watakuuliza pia kama makato ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, yanafika. Anayekatwa hutoa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza 10, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye wafanyakazi wachache anawajibika. Usijibu kwa kukisia. Kila mtu aangalie taarifa yake mwenyewe, na pengo likionekana, nenda wewe kwa mhasibu.

Sasa huyo rafiki yako anayechelewa akitegemea urafiki wenu. Zungumza naye wiki hii, ninyi wawili tu, kabla hujalazimika kumwandikia onyo. Mwambie daftari la mahudhurio utalijaza kwa saa aliyofika kweli, kama la wengine wote, na muulize kinachomchelewesha. Huenda ni usafiri wa matatu, huenda ni mgonjwa nyumbani. Asipobadilika na mambo yakafika kwenye kufukuzwa, Sheria ya Ajira ya 2006 inataka aelezwe kosa lake na asikilizwe kwanza, na anaruhusiwa kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Ofisi ikikuharakisha, idai hatua hiyo, kwake na kwa mwingine yeyote usiyempenda. Ukishazungumza naye, rudi utuambie amejibu nini, tuendelee kutoka hapo.